Kitoroli cha Kulalia Chini ya Gari: Namna ya Kujitengenezea na Mambo ya Kupima Kwanza

Katika gereji nyingi za mitaani fundi anayeingia chini ya gari hulala juu ya kadibodi. Kadibodi hupatikana bure, hufyonza oili iliyomwagika, na ikichakaa hutupwa bila majuto. Kasoro yake ni kwamba haitembei. Kila fundi anapohitaji spana nyingine, au anapotaka kusogea nusu mita kuelekea gurudumu la nyuma, hana budi kujiburuta kwa visigino na viwiko. Mwenye gari anayejifanyia kazi ndogo nyumbani, kama kubadilisha oili, kukaza vishikizo vya bomba la moshi au kutafuta mahali panapovuja, hupatwa na adha hiyo hiyo, na aghalabu kwa shida zaidi kwa kuwa mwili wake haujaizoea.

Dawa ya adha hiyo ni ubao wenye vigurudumu, ambao mtu hulala chali juu yake na kujisukuma kwa miguu. Kwa kuwa mitaani kifaa hiki hakina jina moja, katika somo hili tutakiita kitoroli cha kulalia, au kitoroli tu. Huuzwa kikiwa tayari, cha plastiki, cha mbao au cha chuma, lakini ni miongoni mwa vifaa vya gereji ambavyo mtu mwenye msumeno, keekee na siku moja ya nafasi anaweza kujitengenezea vizuri. Kazi yenyewe si ngumu. Maamuzi yanayoitangulia ndiyo yanayohitaji utulivu, kwa maana kitoroli kisichofaa hakiishii kuwa hasara ya fedha: humfanya mtumiaji ainue gari juu kuliko inavyostahili, kisha alale chini yake.

Sakafu kwanza

Kabla ya kununua hata skrubu moja, tazama mahali utakapofanyia kazi. Kigurudumu cha kipenyo cha sentimita 5 kikibeba mtu mzima huzuiwa na kokoto isiyozidi punje ya harage. Juu ya sakafu ya saruji iliyolainishwa, au ya vigae, kitateleza kwa msukumo mdogo wa kisigino. Juu ya vitofali vya kupanga uani kitanasa katika kila kiungo, na hapo utahitaji vigurudumu vya sentimita 7.5. Juu ya mchanga, changarawe au udongo hakuna kigurudumu cha kimo kinachofaa ambacho kitatembea. Kitazama, nawe utakuwa umelala juu ya ubao mgumu usiosogea, ulio juu kuliko kadibodi uliyoiacha.

Kwa hiyo msomaji ambaye uwanja wake ni wa udongo tunamshauri asitengeneze kitoroli. Turubai nene lililotandazwa juu ya kadibodi mbili litamfaa zaidi, na fedha iliyobaki aitie katika stendi za chuma zitakazoelezwa hapa chini. Wako wanaotandika plaiwudi juu ya udongo ili kitoroli kipate njia. Hilo linawezekana, ila plaiwudi hizo huweza kugharimu zaidi ya kitoroli chenyewe, na zikiachwa kwenye unyevu hubanduka.

Hesabu ya kimo

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba kitoroli kizuri ni kile kilicho imara na kirefu kwenda juu. Tufanye hesabu. Mtu wa umbo la wastani akilala chali, kifua chake hufika takriban sentimita 22 kutoka pale alipolalia. Mwenye mwili mkubwa huzidi hapo. Juu ya kifua kunahitajika nafasi ya mikono na spana, nayo sentimita 15 ni kidogo, lakini inatosha kwa kazi nyingi. Jumla ni sentimita 37 kutoka sakafuni kwa anayelala juu ya kadibodi. Gari dogo la abiria likisimama kwa magurudumu yake huwa na uwazi wa chini wa takriban sentimita 15 tu, kwa hiyo kwa vyovyote lazima liinuliwe.

Sasa ongeza kitoroli. Cha kawaida, chenye ubao uliowekwa juu ya vigurudumu vya sentimita 5, kina kimo cha sentimita 9 hivi, kwani kigurudumu pamoja na kishikio chake huchukua sentimita 7 na ubao karibu 2. Sentimita 37 zimekuwa 46. Stendi ndogo nyingi zinazouzwa madukani hufikia takriban sentimita 40 zikiwa zimeinuliwa hadi mwisho. Ni hapo mtu anapoanza kutafuta tofali la kuweka chini ya stendi au gogo la kuweka chini ya jeki. Kila sentimita unayolala juu ya sakafu ni sentimita nyingine ambayo tani moja au tani moja na nusu ya chuma italazimika kupandishwa juu yako, na kila kitu kinachozidi kupanda huzidi kuyumba.

Basi pima kabla ya kujenga. Inua gari lako kwa namna utakayokuwa ukiliinua siku zote, likalishe juu ya stendi, kisha pima kwa futi kutoka sakafuni hadi sehemu ya chini kabisa ya upande utakaofanyia kazi. Ondoa sentimita 37, au zaidi ikiwa kifua chako ni kipana. Kilichobaki ndicho kimo ambacho kitoroli chako hakipaswi kukizidi. Ikiwa kimebaki sentimita 9 au zaidi, jenga kile cha mbao tutakachokieleza kwanza. Ikiwa kimebaki sentimita 4 au 5, nenda kwenye kile cha fremu ya chuma. Ikiwa hakikubaki kitu, baki na kadibodi yako. Wala usione haya, kwani hata mafundi wa miaka mingi huitumia kwa magari ya chini.

Gari linasimama juu ya nini

Kitoroli hurahisisha kuingia chini ya gari, na kitu kikirahisishwa hufanywa mara nyingi zaidi na kwa haraka zaidi. Kwa sababu hiyo sehemu hii haiwezi kurukwa.

Jeki ni chombo cha kuinulia, haikuundwa kushikilia. Ndani ya jeki ya mafuta, uzito wote wa upande ulioinuliwa hubebwa na mafuta yaliyobanwa chini ya pistoni na kuzuiwa na sili za mpira pamoja na valvu ndogo. Sili ikichakaa, au chembe ya uchafu ikikaa katika valvu, jeki hushuka, pengine taratibu usiku kucha, pengine mara moja. Jeki ya mkasi inayokuja na gari haina mafuta, lakini kitako chake ni chembamba na hupinduka gari likisogea kidogo tu. Aliye chini akivuta spana kukaza au kulegeza nati iliyogoma, huliyumbisha gari bila kujua. Aliyelala juu ya vigurudumu huweza pia kuigonga jeki kwa bega au kwa kona ya kitoroli.

Kwa hiyo gari hukaa juu ya stendi za chuma, mbili kwa uchache, zilizowekwa chini ya sehemu za bodi au chesisi zilizoimarishwa kwa kazi hiyo. Sehemu hizo huoneshwa katika kitabu cha mwongozo wa gari. Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika kutoka Japani, kwa hiyo kitabu hicho aghalabu ni cha Kijapani, lakini michoro yake husomeka na yeyote. Unaponunua stendi, angalia uzito ulioandikwa na uulize kama ni wa stendi moja au wa jozi nzima, kwani yapo maandishi ya aina zote mbili na tofauti yake ni nusu. Angalia pia meno au pini inayozuia nguzo isishuke: iingie hadi mwisho, isikwame nusu njia.

Tofali la saruji halifai hata kidogo. Tofali lenye matundu limetengenezwa kubeba uzito uliosambaa juu ya uso wake wote, ndani ya ukuta. Likibebeshwa uzito juu ya ncha moja ya chuma hupasuka bila kutoa dalili. Mawe yaliyopangwa nayo huteleza. Gurudumu la akiba likilazwa chini ya ubavu wa gari ni tahadhari nzuri ya ziada: halichukui nafasi ya stendi, lakini likitokea la kutokea huacha uwazi.

Kuna jambo moja kuhusu breki ambalo hata madereva wazoefu hulisahau. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma pekee. Ukiinua nyuma, breki hiyo inashika magurudumu yaliyo hewani, na gari liko huru kutembea. Vivyo hivyo, gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele likiinuliwa mbele, kuliacha ndani ya gia hakulizuii kitu. Kinacholizuia ni kabari za mti zilizobanwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Zikate nne kutoka katika mabaki ya mbao zako, hazitakugharimu.

Ukimaliza yote hayo, simama ubavuni mwa gari na ulisukume kwa nguvu kama mtu anayetaka kuliangusha. Likitikisika juu ya stendi, lishushe na uanze upya. Ni afadhali liyumbe wewe ukiwa umesimama nje.

Vigurudumu

Katika kitoroli, vigurudumu ndivyo vinavyostahili fedha. Ubao hata ukiwa wa mabaki utafanya kazi, lakini kigurudumu kibovu hakina dawa. Hitaji lako ni vigurudumu vinne vya aina moja, vinavyozunguka pande zote juu ya bamba la kufungia lenye matundu manne. Vile visivyogeuka, vinavyokwenda mbele na nyuma tu, vitakuingiza chini ya gari lakini havitakuruhusu kusogea kando, na kusogea kando ni nusu ya faida ya kifaa hiki. Kwa sababu hiyo hiyo hatusifu desturi ya kufunga beringi kuukuu kama zile za magari ya kuchezea ya watoto. Hutembea kwa makelele, kwa mstari mmoja, na huchimba sakafu.

Uzito ambao kila kigurudumu kinapaswa kuhimili hukokotolewa kwa kugawa mzigo wote kwa tatu, japokuwa vigurudumu ni vinne, kwa maana sakafu ni nadra kuwa sawa kabisa na kimoja huwa hakigusi. Mtu wa kilo 90, pamoja na kitoroli na vifaa vya kilo 12, ni kilo 102, ambazo zikigawanywa kwa tatu hupatikana kilo 34. Nunua basi vigurudumu vilivyoandikwa kilo 40 au zaidi kila kimoja. Vile vidogo vya viti vya ofisini vina shina la kuchomeka badala ya bamba, nalo shina hulegea ndani ya mbao, hivyo usivitumie.

Kuhusu malighafi, plastiki ngumu ya nailoni huteleza kwa wepesi juu ya saruji laini, lakini ni ya kelele na husimamishwa na kila kokoto. Mpira wa kawaida ni mtulivu na husamehe sakafu mbaya, ila oili huuvimbisha na kuulainisha, na oili ndiyo itakayomwagika hapo. Poliyurethani hustahimili oili na haiumizi sakafu. Ikipatikana kwa bei unayoimudu, hiyo ndiyo tungeichagua.

Dukani, usinunue vigurudumu vikiwa vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Viombe mkononi. Zungusha kigurudumu kwa kidole: kiendelee kuzunguka kwa muda, kisisimame mara moja wala kisikwaruze. Shika bamba kwa mkono mmoja na kishikio kwa mwingine, uvitikise. Kucheza kidogo ni kawaida, kucheza sana maana yake gololi za ndani ni chache au mhimili haukubanwa vizuri. Viweke vyote vinne juu ya kaunta ya kioo ukavitazame kwa usawa wa jicho, kwani tofauti ya milimita 2 ya kimo itafanya kitoroli kiyumbe kama kiti kibovu.

Dai risiti ya EFD hata kama thamani ni ndogo, na uombe aina na uzito wa vigurudumu viandikwe humo. Bila maandishi hayo huna namna ya kuthibitisha kwamba uliuziwa kigurudumu cha kilo 40 na si cha kilo 20. Katika maduka mengi utaona bango lisemalo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Lisikuzuie kurudi na bidhaa iliyovunjika siku ya kwanza ukiwa na risiti mkononi. Muuzaji akikataa hata kukusikiliza, kwa upande wa Tanzania Bara Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji.

Ubao na vipimo

Plaiwudi ya milimita 18 ndiyo chaguo la kawaida na la haki. Karatasi nzima ni futi 8 kwa 4, nawe unahitaji sehemu ndogo tu, kwa hiyo ulizia vipande vilivyobaki kwa maseremala. Watazame ukingoni: tabaka zishikane, kusiwe na mapengo. Mbao zilizogandishwa kwa vumbi na chembe za mti tu ziepuke, kwani huvimba zikipata maji na hazishiki bolti. Mbao za paini za inchi moja zilizopigwa randa zinafaa pia, zikipangwa tatu au nne kwa urefu na kufungwa kwa vipande vya kukingama. Mninga ni mzuri wa kutazamwa, lakini ni mzito na wa ghali kwa kazi ya kulaliwa na mtu mwenye nguo za oili.

Urefu usiuchukue kutoka kwa mtu mwingine. Kaa sakafuni, mgongo na kichwa vikiegemea ukuta, na mtu akupimie kutoka sakafuni hadi utosini. Kwa mtu wa sentimita 170 hupatikana kama sentimita 90. Ongeza 15. Huo ndio urefu wa kitoroli chako. Ukizidisha, nyayo zako hazitakanyaga sakafu vizuri na hutaweza kujisukuma. Upana wa sentimita 45 hutosha, lakini usawa wa mabega na mikono ukate kila upande kwa mkunjo wa kina cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 25, ili viwiko vipate pa kushukia.

Kuunda

Kata ubao, uviringishe kona nne kwa msumeno mdogo na kulainisha kingo zote kwa msasa, kwa maana kona kali ndiyo itakayokuchoma mbavu na ndiyo itakayogonga stendi.

Weka vigurudumu karibu na kona kadiri inavyowezekana, bamba likiwa sentimita 2 kutoka ukingoni. Vikiwekwa ndani sana, siku utakayokaa mwishoni mwa ubao upande wa pili utanyanyuka na kukupiga. Kabla ya kutoboa, zungusha kila kigurudumu duara zima uhakikishe hakigusi kitu. Kwa upande wa chini, katikati ya vigurudumu, gundisha na kupigilia skrubu papi mbili za urefu wa ubao kasoro kidogo, kila moja ikiwa na unene usiozidi sentimita 3. Kazi yake ni kuzuia ubao usipinde, na kwa kuwa zinakaa chini ya ubao kati ya vigurudumu, haziongezi kimo hata milimita moja.

Vigurudumu vifungwe kwa bolti zinazopenya ubao, visifungwe kwa skrubu za mbao. Kigurudumu kinapogonga kokoto, nguvu yote hugeuka kuwa ya kung'oa, na skrubu fupi ndani ya plaiwudi hutoka moja baada ya nyingine. Bolti za milimita 6, urefu wa milimita 35, zenye kichwa bapa kama uyoga zinafaa kwa bamba nyingi, lakini pima matundu kwanza. Kichwa kikae juu, kizamishwe kidogo kisikuchome. Washa na nati vikae chini, na nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Ncha ya bolti ikizidi nati kwa zaidi ya milimita chache, ikate isije ikagusa kigurudumu.

Mahali pa kichwa huhitaji mto wa sentimita 4 au 5. Bila mto, shingo hubeba kichwa kwa nguvu zake saa zote unapotazama juu, na maumivu huja jioni. Sponji ngumu iliyofunikwa ngozi ya bandia hutosha, na ngozi hiyo ina faida ya kufutika. Usitumie kitambaa, kwani hunywa petroli na oili, na kitambaa chenye petroli chini ya bomba la moshi lenye moto si kitu cha kulalia. Ubao wenyewe upake vanishi au rangi ya mafuta mara mbili, pande zote na kingo, uuache ukauke siku mbili. Rangi nyeupe au ya njano ni bora kuliko vanishi, kwa sababu nati iliyodondoka huonekana.

Fremu ya chuma kwa gari la chini

Aliyebakiwa na sentimita 4 au 5 katika hesabu ya kimo atahitaji msaada wa fundi wa kuchomelea, ambao hawakosekani katika mji wowote. Mpe maelezo haya: fremu ya mstatili ya chuma cha kona cha milimita 25 kwa 25, unene wa milimita 3, yenye upana wa sentimita 40. Katika kila kona kuwe na sikio la bamba la milimita 5 linalotoka nje ya fremu na kuinuliwa, ili kigurudumu kifungwe chini ya sikio, kando ya ubao, si chini yake. Fremu huning'inia kati ya vigurudumu kama machela, sentimita 3 kutoka sakafuni. Ubao wa plaiwudi ya milimita 12 hulazwa ndani ya kona za chuma, na vyuma viwili vya kukingama huuzuia usibonyee. Utakuwa umelala sentimita 4 na kitu juu ya sakafu, karibu nusu ya kile cha mbao.

Fundi apigwe macho katika jambo moja, nalo ni masikio. Hubeba kila kitu kwa ncha, kwa hiyo yachomelewe pande zote mbili na kuwekewa kiunga cha pembetatu. Gharama yake iulizwe mapema na kuandikwa. Ukijumlisha chuma, kuchomelea, vigurudumu na rangi, ukakuta umekaribia bei ya kitoroli cha dukani chenye kimo hicho hicho, nunua cha dukani. Kujitengenezea kuna maana pale tu panapobaki nafuu au pale ambapo vya dukani havilingani na mwili wako.

Kukijaribu

Usiwe mzigo wa kwanza wa kitoroli chako. Weka mifuko miwili ya saruji ya kilo 50, mmoja mahali pa mabega na mwingine mahali pa nyonga, ukiache usiku mzima. Mtu anayezidi kilo 90 aongeze mfuko wa tatu. Asubuhi, weka rula ndefu juu ya ubao kando ya mifuko uone kama umepinda, kisha sukuma kitoroli kikiwa na mifuko huko na huko mara ishirini. Kigeuze, ukague bamba, nati na gundi. Mbao iliyolia au kuonesha ufa ibadilishwe, isizibwe kwa rangi.

Kukitumia

Kaa katikati ya ubao, kisha ulale. Kabla ya kuteleza ndani, funga nywele ndefu, ingiza shati ndani ya suruali, na uache kanga au shuka nje kabisa, kwa sababu kigurudumu hukunja nguo na kukukaba mahali ambapo huwezi kugeuka. Vidole vishike ubao kwa juu, visizunguke ukingo. Vaa miwani ya kazi. Kutu na udongo mkavu hudondoka moja kwa moja katika jicho la anayetazama juu, na oili chakavu isikae kwenye ngozi, basi na glavu pia. Taa iwe ya betri, maana waya wa umeme chini ya vigurudumu hukwanguka ganda lake bila wewe kuona.

Utakapovuta spana kwa nguvu utagundua kwamba nati haigeuki ila wewe ndiye unayeteleza. Baadhi ya watu hununua vigurudumu vyenye breki kwa ajili hiyo, lakini hatuoni faida yake, kwani ukiwa umelala huvifikii. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, magoti yakiwa yamekunjwa, uvute kuelekea kichwani. Nati iliyogoma sana na kuhitaji bomba la kurefushia spana, ilegeze kabla gari halijainuliwa ikiwa inafikika. Isipofikika, mpelekee fundi mwenye shimo au lifti.

Mtu mwingine na awepo karibu, ajue uko chini, na funguo za gari ziwe mfukoni mwako. Ukimaliza, usikiache kitoroli sakafuni. Anayekikanyaga kwa bahati mbaya huanguka chali, na watoto watakifanya gari la kuchezea. Kitundike kwenye msumari mkubwa ukutani, vigurudumu vikitazama nje, na kila baada ya miezi michache uondoe nyuzi na nywele zilizojizungusha kwenye mihimili, uitie tone moja la oili, na kukaza nati zote kumi na sita.